Mastaa, vyandarua na wagumu wa Kilimanjaro

Tarehe 7 Machi 2009 watu tisa mashuhuri wa Uingereza walifika Kilele cha Uhuru, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Aliyewakusanya ni Gary Barlow, mwimbaji wa kundi la Take That. Alikuwa na waimbaji Cheryl Cole na Kimberley Walsh wa kundi la Girls Aloud, Alesha Dixon na Ronan Keating, na watangazaji Fearne Cotton, Denise Van Outen, Ben Shephard na Chris Moyles. Kamera ziliwafuata njia nzima. Machi 12 filamu ya safari yao ikaonyeshwa BBC One, na kesho yake ikawa Red Nose Day, ule usiku wa harambee ya televisheni unaoandaliwa na taasisi ya Comic Relief. Safari hiyo peke yake ilichangisha zaidi ya pauni milioni 3 za kupambana na malaria barani Afrika.

Mlima huo ni wa kwetu. Nimekulia upande wa Marangu, ambako ukiamka asubuhi unaangalia kwanza kama Kibo amefunua uso au bado amejifunika mawingu, ndipo unaendelea na shughuli zako. Filamu ile nimeitazama zaidi ya mara moja na ninaipenda. Kila nikiitazama, hata hivyo, macho yangu huenda nyuma ya wale tisa, kwa vijana wanaopita kasi na mizigo kichwani. Mateso ya waliokuwa mbele yalileta mamilioni ya pauni. Waliokuwa nyuma walipanda njia ile ile, kwenye hewa ile ile nyembamba, na mtazamaji akazima televisheni bila kumjua hata mmoja wao. Miaka yote hii sijaacha kulifikiria jambo hilo.

Comic Relief ilianzishwa mwaka 1985 na mwandishi Richard Curtis na mchekeshaji Lenny Henry, wakati njaa ya Ethiopia ilipokuwa imeishtua dunia. Red Nose Day ya kwanza ilifanyika 1988. Tangu hapo Waingereza wamejenga utamaduni mzima wa mtu maarufu kujitesa hadharani ili watu watoe pesa. David Walliams, mchekeshaji, alivuka bahari kati ya Uingereza na Ufaransa kwa kuogelea mwaka 2006, akitumia saa 10 na dakika 34, akakusanya zaidi ya pauni milioni moja. Mwaka 2016 Eddie Izzard alikimbia marathoni 27 kwa siku 27 huko Afrika Kusini, kwa kumbukumbu ya miaka 27 ambayo Mandela alikaa gerezani.

Kwa nini mtu atoe pesa kwa sababu mwingine amechoka? Wapo wanaoliona jambo hili la ajabu. Mimi naona sisi tunalielewa vizuri kuliko tunavyodhani. Fikiria michango yetu ya harusi, ya msiba, ya kumpeleka mgonjwa India. Hakuna anayechangia kwa kusoma takwimu. Unachangia kwa sababu shangazi amekupigia simu mwenyewe, kwa sababu jina lako litasomwa kwenye kikao, kwa sababu mwenyekiti wa kamati ni mtu ambaye huwezi kumwangalia usoni na kusema huna. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na moyo huamshwa na mtu unayemfahamu. Mama wa Sheffield hamjui mtoto wa Tabora, ila Cheryl anamjua, amemwona kwenye televisheni kila wiki, na Cheryl huyo sasa ameinama juu ya jiwe akitapatapa kutafuta pumzi. Mama anachukua simu na kutoa pauni tano, ambazo wakati ule zilisemwa kuwa zinatosha kununua chandarua kimoja. Sioni kosa lolote hapo. Ni ubinadamu, umepitia mlango uliokuwa wazi.

Na Kilimanjaro ni mahali panapofaa kuliko pengi kwa kazi hiyo, kwa sababu hapambagui mtu. Kileleni kiasi cha hewa unachovuta kinakaribia nusu ya kile cha pwani. Kichwa kinagonga, chakula hakipiti, usingizi unakatika katika. Wanaopanda kwa njia za kusini na magharibi huianza safari ya mwisho usiku wa manane kutoka kambi ya Barafu, iliyo juu ya mita 4,600, taa zikiwa kwenye paji la uso, hatua moja, pumzi mbili, kokoto zikiteleza chini ya buti. Hakuna jukwaa wala taa za studio. Mwanamuziki aliyezoea kuandaliwa na watu kumi kabla ya kuonekana mbele ya umma anaonekana hapo na makamasi yameganda, akilia bila kujali kamera. Chris Moyles, mtangazaji wa redio asiye na umbo la mpanda milima, alikuwa mfano mzuri: watu walimfuata wakitaka kujua kama atafika, na akafika. Wote tisa walifika.

Kuna jambo la baadaye ambalo wachache wanalikumbuka. Mwaka 2010 Cheryl Cole alikuja tena Tanzania, safari hii kwa mapumziko. Aliporudi Uingereza akaugua malaria. Alilazwa London, hali yake ikawa mbaya, akawekwa kwenye uangalizi maalumu, akatibiwa, akapona. Magazeti ya kule yaliandika siku nyingi. Mwanamke aliyepanda mlima ili watoto wapate vyandarua aliumwa na mbu yule yule anayewauma watoto hao. Tofauti ilikuwa muda kati ya homa na kitanda cha hospitali, na utaalamu uliokuwa ukimsubiri alipofikishwa. Nilipoisoma habari ile niliwaza juu ya mama anayebeba mtoto mwenye degedege usiku kutoka kijijini, akitafuta bodaboda. Kama kuna mtu anayeweza kueleza kwa sauti ya kusikilizwa kwa nini pauni milioni 3 zilikuwa na maana, ni huyo Cheryl.

Maana zilikuwa nayo. Mwaka ule wa 2009 Tanzania ilikuwa katikati ya vita kubwa dhidi ya malaria, na fedha zilitoka pande nyingi, za Comic Relief zikiwa tone ndani ya mto. Tangu 2004 kulikuwa na Hati Punguzo, vocha ambayo mama mjamzito alipewa kliniki akaenda nayo dukani kununua chandarua kwa bei nafuu. Arusha, kiwanda cha A to Z kilikuwa kikitengeneza vyandarua vyenye dawa kwa wingi. Baadaye vikagawiwa bure nyumba kwa nyumba, na mwaka 2010 kampeni ya Zinduka, Malaria Haikubaliki, ikawaleta wanamuziki wetu wenyewe kuimba juu ya jambo hilo hilo. Utafiti wa kitaifa wa 2007–08 ulikuta vimelea vya malaria kwa asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano. Ule wa 2011–12 ulikuta asilimia 9. Kisha ikapanda hadi 14 mwaka 2015–16, ikashuka hadi 7 mwaka 2017, na mwaka 2022 ilikuwa 8.

Angalia vizuri namba hizo zilivyopanda na kushuka. Chandarua huchanika, dawa yake huisha, mtoto mwingine huzaliwa. Usiku mmoja wa televisheni unaweza kununua vyandarua vya miaka mitatu; mwaka wa nne unahitaji mtu mwingine ajitokeze. Na kitu kinachonigusa mimi wa Kilimanjaro ni kwamba mkoa wetu una malaria chini ya asilimia 1 kwa watoto hao, wakati Tabora ni zaidi ya asilimia 20. Baridi ya mlima inatulinda. Kwa hiyo mlima wenyewe ulichanga: umaarufu wake ulitumika kwa ajili ya watoto wa mikoa ya mbali, ambao wengi wao hawatauona hata kwa macho.

Sasa niwarudie wale vijana wa nyuma.

Wapagazi wa Kilimanjaro wenyewe huitana wagumu. Kazi yao huanzia getini, kwenye foleni ya mizani. Hifadhi imeweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa msafara, na mgumu anaongeza juu yake vitu vyake mwenyewe: nguo, blanketi, chakula kidogo. Mzigo ni mahema, meza, viti, mitungi ya gesi, mayai, matikiti, maji, mara nyingine choo cha kubebeka. Mgeni akitoka kambini asubuhi, wagumu wanabaki kuvunja kambi, kisha wanampita njiani ili akifika jioni akute hema limesimama na maji ya kunawa yana moto. Mpandaji mmoja kwa kawaida ana wagumu watatu au zaidi nyuma yake, bila kumhesabu mpishi na viongozi. Msafara wa televisheni una mengine: kamera, betri nyingi kwa sababu baridi huzimaliza upesi, vifaa vya sauti, mitambo ya kurushia matangazo, na wafanyakazi wa filamu ambao nao wanakula na kulala. Kila picha ya staa aliyechoka ilipigwa na mtu, na mtu huyo mzigo wake ulibebwa na kijana wa Moshi, Rombo au Arusha.

Mjomba wangu mmoja alifanya kazi hiyo ujana wake wote. Alianza akiwa mgumu, akapanda cheo kuwa mpishi, na huo ndio ulikuwa mwisho wake kwa sababu Kiingereza chake hakikutosha kumfanya kiongozi. Alikuwa akituhadithia usiku wa kambi za juu, walivyojibana wengi ndani ya hema moja ili wapate joto, na viatu vya mitumba ambavyo maji yaliingia na kutoka yalivyotaka. Kuna safari alirudi, kampuni ikamlipa nusu ya walichokubaliana, nusu nyingine ikasemekana ingetoka kwenye tipu, na tipu ilipofika kwake ilikuwa imepita mikono mingi. Hakulalamika kwetu. Alisema tu kwamba mgeni hakujua, na kama angejua asingekubali. Mimi naliamini neno hilo mpaka leo: wageni wengi wangekubali kulipa zaidi kama wangejua.

Kwa miaka mingi kiwango cha malipo ya mgumu kilichokuwa kikitajwa ni dola 10 kwa siku, na kwa miaka mingi yapo makampuni yaliyolipa chini ya hapo. Mwaka 2003 lilianzishwa mjini Moshi shirika la KPAP, linalofuatilia jinsi wapagazi wanavyolipwa, wanavyolishwa na wanavyolala, na kuwaazima bure nguo na viatu vya baridi. Kampuni inayotaka kutambuliwa nalo inakubali safari zake zikaguliwe. Kazi yao imebadilisha mengi. Bado ukipita geti la Machame msimu wa wageni utakuta vijana wamekaa nje tangu alfajiri wakisubiri kuitwa, na wengine wamevaa vitu ambavyo wewe usingevivaa kwenda sokoni siku ya mvua.

Historia ya mlima huu imejaa jambo hili. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wanaandikwa kuwa wa kwanza kufika kileleni, mwaka 1889. Pale Marangu tulikua tukisimuliwa habari za Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa Kichagga anayetajwa kuwa ndiye aliyewaongoza, na ambaye serikali ilimpa nyumba miaka mia moja baadaye. Usiku wa kuamkia uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge kileleni, kutimiza maneno ya Mwalimu aliyetaka mwenge huo umulike nje ya mipaka na kuleta tumaini pasipo na tumaini. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema harambee za kimataifa hazina haki ya kuutumia mlima huu. Mlima wetu uliwekewa kazi ya kuleta tumaini kabla ya Comic Relief kuwapo. Ninachodai ni heshima, ambayo nayo ilikuwa ndani ya maneno yale yale ya Mwalimu.

Mwaka 2019 walikuja tena, miaka kumi baada ya msafara wa kwanza. Safari hii walikuwamo Leigh-Anne Pinnock na Jade Thirlwall wa kundi la muziki la Little Mix, Dani Dyer, Dan Walker, Shirley Ballas, Alexander Armstrong, Anita Rani, mwanasiasa Ed Balls, na Osi Umenyiora, mchezaji wa zamani wa futiboli ya Kimarekani mwenye asili ya Nigeria. Wakati huo huo ugomvi ulikuwa umelipuka London. Mtangazaji Stacey Dooley alikuwa Uganda kwa ajili ya Comic Relief, akaweka mtandaoni picha akiwa amembeba mtoto wa Kiganda. Mbunge David Lammy akaandika kwamba dunia haihitaji tena wakombozi weupe. Red Nose Day ya mwaka ule ilikusanya pauni milioni 63 usiku ule, pungufu ya ile ya 2017 kwa takriban milioni 8, na watu wakabishana nani alaumiwe. Oktoba 2020 Comic Relief ikatangaza kwamba haitatuma tena watu mashuhuri wa Uingereza barani Afrika kutengeneza filamu za kuomba misaada, na kwamba itawapa kazi hiyo watengeneza filamu wa Kiafrika.

Nakubaliana na Lammy kuhusu picha ile. Mtoto asiyetajwa jina, mikononi mwa mgeni, huku wazazi wake hawaonekani, amekwisha kuelezwa kwamba hana wa kwao. Na nimefurahi kuona kazi za filamu zimewafikia vijana wa Nairobi na Kampala wenye kamera zao. Ila ubishi ule ulikuwa wa watu wa London wakizungumza na watu wa London, na swali walilojadili lilikuwa nani anaonekana kwenye picha. Swali la nani alilipwa nini halikuulizwa. Unaweza kuwaondoa Wazungu wote kwenye filamu, ukaweka mastaa wa Lagos na Dar es Salaam, na mgumu akaendelea kulala na viatu vilivyolowa.

Harambee niliyoipenda kuliko zote hizi ilifanyika Kenya mwaka 2011. Watu tisa, wakiwamo Lorraine Kelly, Dermot O'Leary, Olly Murs na Craig David, walitembea kilomita 100 kwa siku tano katika jangwa la Kaisut, kaskazini mwa nchi, kuchangia vita dhidi ya magonjwa ya macho yanayopofusha watu, kama vikope. Kati yao alikuwamo Peter White, mtangazaji wa BBC ambaye ni kipofu tangu kuzaliwa. Alitembea jangwa lote lile akishikilia mwenzake. Pale palikuwa na kitu ambacho safari nyingi za aina hii hukikosa: mtu aliyeteseka njiani na jambo lililochangiwa vilikuwa vinafahamiana. Mtazamaji hakuhitaji kuelezwa uhusiano wake, aliuona.

Sisi wenyewe tunazo safari zetu. Kili Challenge, inayoendeshwa na mgodi wa dhahabu wa Geita pamoja na Tume ya Kudhibiti Ukimwi Tanzania (TACAIDS), ilianza 2002, na kila mwaka watu hupanda mlima na wengine huuzunguka kwa baiskeli ili kuchangia mapambano dhidi ya Ukimwi. Ina umri mkubwa kuliko msafara wa Gary Barlow. Lakini taarifa ya habari hutuonyesha nini? Mgeni rasmi akikabidhi bendera getini, hotuba, mfano wa hundi kubwa, halafu siku kadhaa baadaye mgeni rasmi akipokea bendera. Katikati ya bendera mbili hizo ndimo hadithi yote ilimo, na hatuioni. Hatumwoni mhasibu aliyelia Barafu usiku akataka kurudi, wala mama wa makamo aliyefika Stella Point, kwenye ukingo wa kreta, akakaa chini akasali. Waingereza walituzidi hapo tu: walielewa kwamba kinachofungua mkono ni kile kilichotokea katikati.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayotamani kuyaona kwenye televisheni yetu. Mwanamuziki wa Bongo Fleva mmoja, mcheza filamu mmoja, mchezaji mmoja wa zamani wa Simba na mmoja wa Yanga, ili mashabiki washindane kuchangia kwa simu kama wanavyoshindana kwa mambo mengine yote. Siku ya kwanza, kila mmoja asimame kwenye mizani na abebe mwenyewe mzigo wa kilo 20 kutoka getini hadi kambi ya kwanza, mgumu aliyepokonywa mzigo huo akitembea kando yake akimfundisha jinsi ya kuukalisha shingoni. Jioni wale chakula kimoja, na kamera ikae kwenye hema la wagumu muda ule ule inaokaa kwenye hema la mastaa. Pesa zigawanywe mara mbili na mgawo utangazwe hewani tangu mwanzo: nusu vyandarua vya Tabora na Kigoma, nusu bima ya afya na viatu vya watu wa mlimani. Malipo ya siku ya kila mgumu yatajwe kwa shilingi. Na filamu ikiisha, majina yao yote yapite kwenye skrini, kamili, pamoja na vijiji vyao, kabla ya majina ya wadhamini.